Kalemie: Ufukwe Upi, Saa Ngapi?

Ukitaja ufukwe, wengi hukumbuka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Jimbo la Tanganyika nchini Kongo nalo lina mchanga wake. Mji wake mkuu, Kalemie, umekaa ukingoni mwa ziwa la jina hilo hilo, lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Wakazi wa Bendera, upande wa kaskazini, na wasafiri wengine wanaoshuka Kalemie kwa biashara au kusalimia ndugu hutaka kujua waelekee wapi na kamera zao, au simu tu. Haya ndiyo maswali yanayojitokeza zaidi.

Sisi wa Bendera tunaona kwenye ramani kwamba ziwa liko mashariki yetu, si mbali. Kwa nini tuzunguke hadi Kalemie?

Kwa sababu ya milima ya Kabobo. Imesimama kati ya Bendera na maji, msitu wake ulitangazwa hifadhi mwaka 2016, na mteremko wake wa mashariki unaingia ziwani kwa ghafla. Vijiji vya wavuvi vilivyo chini yake hufikiwa kwa mtumbwi zaidi kuliko kwa miguu. Barabara ya Taifa namba 5 inateremka kusini hadi Kalemie, kule kule unakokwenda umeme wa mto Kiymbi kutoka Bendera. Huko milima inarudi nyuma kidogo, ukingo unafunguka, na mtu anaweza kutembea mchangani asubuhi nzima.

Saa gani ni nzuri kwa picha?

Alfajiri, bila kusita. Kalemie inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza kutoka majini na jioni huzama nyuma ya vilima, mgongoni mwa mpiga picha. Anayefika saa kumi na moja unusu jioni akitarajia jua jekundu juu ya maji atakuta kivuli cha vilima kimeshafika ukingoni. Mwanga huo wa jioni unafaa kwa nyuso za watu, kwa kuwa ni laini na haukunjishi macho, ila jua lenyewe halimo.

Anayetaka jua linalozama upande wa ziwa avuke hadi Kigoma, Tanzania. Ng'ambo ile kila kitu hugeuka: ufukwe wa Jakobsen na mialo ya Ujiji hutazama magharibi, na jua huzama nyuma ya milima ya Kongo. Akumbuke pia kusogeza saa yake mbele kwa saa moja. Jua la Kalemie huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi. La Kigoma huzama karibu na saa moja jioni.

Na mwezi gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kiangazi ndicho kizuri kwa sababu hakuna mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi hupanda, na moshi wa nyasi zinazochomwa bara hufunika upeo wa macho. Mvua zikishaanza, hewa husafika. Asubuhi baada ya mvua kubwa, milima ya Mahale upande wa Tanzania, yenye kilele cha mita 2,462, huweza kuonekana kutoka Kalemie. Tena kati ya Novemba na Januari jua huchomoza kusini-mashariki, karibu na upande huo huo wa Mahale. Mwenye nafasi ya safari moja tu kwa mwaka achague kipindi hicho.

Ziwa halina maji kupwa na kujaa kila siku kama bahari ya Mombasa, lakini lina mwendo wake wa mwaka. Hujaa zaidi karibu na Mei na hupungua kuelekea Novemba, hivyo mchanga mpana hupatikana mwishoni mwa mwaka. Mwendo mwingine ni wa miaka mingi. Mwaka 1874 mvumbuzi Mwingereza Cameron alifika mto Lukuga, mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa, akaukuta umezibwa na majani na mchanga. Miaka michache baadaye kizibo kilivunjika, na ziwa likashuka kwa takribani mita 10. Mchanga unaokanyagwa leo ulikuwa majini wakati huo. Miaka ya hivi karibuni maji yamerudi: mwaka 2021 na tena 2024 yaliingia katika nyumba za watu Kalemie. Ufukwe uliosifiwa na rafiki miaka kumi iliyopita huenda haupo tena. Na ukuta wa nyumba uliosimama majini ni hasara ya familia fulani; anayeupiga picha azungumze kwanza na wenyewe.

Ufukwe mtupu au mwalo wa wavuvi?

Mwalo. Mchanga mtupu na mnazi mmoja umeshapigwa picha kote duniani, lakini mwalo wa ndagala (dagaa) ni wa ziwa hili. Usiku wa giza, mitumbwi hutoka na taa, kwa maana samaki hufuata mwanga. Ukiwa ukingoni unaona taa zimejipanga majini kama mtaa. Kwenye mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo kalenda ya mwezi ni muhimu kuliko utabiri wa hali ya hewa. Kunapokucha mitumbwi hurudi, bei hupatanwa kwa sauti, na wanawake humwaga ndagala juu ya mchanga au vichanja. Chuchumaa karibu: samaki wana urefu wa kidole na rangi ya fedha, na mkono unaowageuza una magamba mpaka kwenye kifundo. Saa tatu jua likishapanda, ule ung'avu umekwisha.

Kuna sehemu yenye historia?

Karibu na mlango wa Lukuga. Desemba 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishusha hapo boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa sehemu kubwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini. Tarehe 26 mwezi huo zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Kwa mpiga picha, kilichopo zaidi ni maji ya mto na matete.

Ruhusa na usalama je?

Bandari, madaraja, uwanja wa ndege na askari visielekezewe kamera bila kibali. Mwaloni, anza na salamu na wakubwa wa hapo, kisha omba. Atakayekataa aachwe kwa heshima.

Kuogelea, epuka matete na midomo ya mito: huko kuna mamba, viboko na konokono wa kichocho. Mchanga ulio wazi wenye mawimbi una nafuu, lakini waulize wenyeji siku hiyo hiyo. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani yakiwa yamechemshwa, maana kipindupindu hakijaondoka Kalemie.