Gesi Tiba na Mapafu Yaliyo Kwenye Mashine

Swali: Je, hospitali kama Ligula, Mtwara, inaweza kutumia gesi kuzuia mashine ya kupumulia isiumize mapafu?

Jibu: Hakuna gesi iliyothibitishwa kwa kazi hiyo. Mashine huumiza mapafu inapoyatanua kupita kiasi, na uvimbe hufuata. Kwa panya wa maabara, haidrojeni na kaboni monoksaidi kidogo sana zimepunguza madhara hayo. Lakini kaboni monoksaidi ndiyo inayoua waliolala na jiko la mkaa chumbani, kwa hiyo isijaribiwe ovyo. Kinga yenye ushahidi mzito ni pumzi ndogo: mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wa mgonjwa. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, ilishusha vifo kutoka takriban asilimia 40 hadi 31, bila mtungi wowote wa ziada.