Shati la Babu: Somo la Kutia Toni Picha Nyeusi na Nyeupe

Mwaka jana nyumbani walinipa kazi ya kutengeneza picha ya marehemu babu kwa ajili ya arobaini yake. Ilikuwa picha ya studio, nyeusi na nyeupe, babu bado kijana, shati jeupe limenyooka. Kwa kuwa nyumbani naitwa "mtu wa kompyuta", niliiskani, nikabonyeza mara moja, picha nzima ikawa kahawia kama chai ya maziwa. Nikajiona nimemaliza.

Bibi aliishika kwa muda, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, mbona umemtia mwenzangu vumbi? Shati hili nililifua mimi."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilikaa chini kujifunza nilichopaswa kukijua kabla ya kubonyeza.

Kwanza, ile rangi ya kahawia ya picha za zamani haikuwa pambo tu. Picha nyeusi na nyeupe ya karatasi huundwa na chembe za madini ya fedha. Mafundi wa chumba cha giza waliziloweka picha katika kemikali zilizoigeuza fedha hiyo kuwa mchanganyiko wa fedha na salfa, ambao hudumu zaidi. Kahawia ilikuja pamoja na uimara huo. Na pale ambapo karatasi haikuwa na fedha, yaani penye mwanga mkali, palibaki peupe. Hapo ndipo nilipokosea: mimi nilipaka rangi kila mahali, hadi kwenye shati.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mimi natumia GIMP kwa sababu ni ya bure na haisumbui sana laptopu ya mwanafunzi.

Moja: usiguse faili la asili. Tengeneza nakala, fanyia kazi hiyo. Ukisevu juu ya ile ya kwanza, imekula kwako.

Mbili: picha ikiwa katika hali ya kijivu, haiwezi kupokea rangi. Nenda menyu ya Image, kisha Mode, chagua RGB. Hutaona badiliko lolote, usishtuke. Kijivu kwenye kompyuta ni nyekundu, kijani na bluu kwa kiasi sawa, mfano 128 kwa kila moja. Kutia toni ni kuvuruga kidogo usawa huo.

Tatu: rekebisha mwanga na giza kabla ya rangi. Picha iliyopauka ukiitia toni, inakuwa picha iliyopauka yenye rangi.

Nne: rudufu leya, halafu fungua menyu ya Colors na uchague Color Balance. Hapa kuna sehemu tatu: za giza, za kati na za mwanga. Mimi huanza na zile za kati: nyekundu +8, na mstari wa njano na bluu nausogeza hadi -12, upande wa njano. Kwenye giza naweka nusu ya hapo. Kwenye mwanga siweki kitu. Acha alama ya Preserve luminosity ikiwa imewashwa, ili mng'ao wa picha usiyumbe.

Tano: punguza nguvu ya leya hiyo hadi uanze kujiuliza kama rangi ipo au haipo. Hapo umefika. Kama bado unasita, ondoka, kunywa chai, rudi uitazame upya. Jicho huzoea rangi haraka likakudanganya.

Mwisho, chapisha nakala ndogo ya majaribio kabla ya ile kubwa. Rangi ya kwenye skrini na ile ya printa ya steshenari mara nyingi hazifanani.

Neno moja kwa wanaotumia picha za zamani kwenye tasnifu: kama umeitia toni, sema hivyo chini ya picha. Msomaji asije akadhani rangi hiyo ni ushahidi wa umri wake.

Picha ya pili ya babu ilikuwa na ujoto kidogo usoni, na shati likabaki jeupe. Bibi hakusema kitu. Aliifuta kioo kwa upande wa khanga yake, akaitundika mwenyewe juu ya kitanda.