Dondoo muhimu: Hifadhi ya Mikumi na familia, na mlo wa siku ya kuzaliwa
Nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa zimepungua na wanyama wakifuata maji. Mkitoka Dar kwa SGR, hakikisheni treni yenu inasimama Kilosa, na gari la kuwafikisha Mikumi lipangwe kabla ya safari. Bebeni vitambulisho: kiingilio cha Mtanzania ni nafuu.

Mlo wa jioni uwe Mikumi mjini, na mlale hapo hapo, msiendeshe usiku. Barabara kuu ya Iringa hukatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo gizani humwoni mpaka umfikie. Kuku wa kienyeji aagizwe mchana. Akiagizwa saa 2 usiku, mwenye siku yake atasinzia mezani (sisi yalitukuta). Keki ibebeni kutoka nyumbani.