Lango Lisilo na Wavu: Safari ya Mwandishi wa Vitabu vya Picha vya Michezo kwa Mtoto wa Lambwe

1.0 Utangulizi

Sungura, fisi na kobe ndio wahusika wa jadi wa fasihi ya watoto katika Kiswahili. Wameifaa kazi hiyo kwa miaka mingi, na hapana haja ya kuwafukuza. Hata hivyo, mtoto anayetoka darasani jioni haendi kukutana na sungura. Anakwenda kucheza mpira. Mchezo huo anaoupenda kuliko somo lolote huingia vitabuni mara nyingi kama ufahamu wa aya chache, ukifuatwa na maswali matano. Ni nadra kuuona ukipewa kitabu kizima chenye picha, kisa na mwisho wake.

Makala haya yanachunguza safari ya mwandishi anayekusudia kuandika kitabu cha namna hiyo, katika hatua tatu: kupata kisa, kuunda lugha na picha, na kukifikisha kitabu mikononi mwa msomaji. Mahali palipoteuliwa ni Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, jirani na Migori. Mwandishi anayetolewa mfano ni Asenath Bole Odaga (1937–2014), mzaliwa wa Rarieda upande wa pili wa Ghuba ya Winam. Odaga hakujulikana kwa vitabu vya michezo. Anateuliwa kwa sababu aliipitia njia yote, tangu muswada hadi kaunta ya duka la vitabu. Hoja kuu ni kwamba kitabu cha picha cha michezo kinaweza kuwa mlango wa Kiswahili kwa mtoto ambaye lugha hiyo si ya kwanza kwake. Mlango huo, hata hivyo, haufunguki iwapo maneno ya kitabu hayakubaliani na uwanja anaoujua mtoto.

2.0 Lambwe na hazina yake ya visa

Kwa wasomaji wengi Lambwe ni bonde la wanyamapori. Humo imo Mbuga ya Taifa ya Ruma, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1983, yenye eneo la kilomita za mraba 120 hivi, na inayojulikana kama makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Kwa muda mrefu mbung'o na ugonjwa wa malale viliwafanya watu waliogope bonde hilo. Mwandishi wa watoto anayefika huko hushawishika kuandika kisa kingine cha wanyama, na kuwasahau watoto wanaocheza nje ya ua wa mbuga.

Ilhali kisa cha michezo kiko karibu sana. Kanyamwa, inayopakana na bonde hilo, ndiko alikoishi Gor, mganga mashuhuri wa Waluo aliyeitwa Gor Mahia kwa sababu ya maajabu yaliyosimuliwa juu yake. Husimuliwa kwamba aliweza kujigeuza umbo apendavyo. Jina lake lilichukuliwa na klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968, na mwaka 1987 klabu hiyo ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Ilitoka sare ya 2–2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1–1 jijini Nairobi, ikashinda kwa kuhesabiwa mabao ya ugenini. Hapana klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Kwa hiyo shujaa wa fasihi simulizi wa eneo hili tayari amo uwanjani. Watoto hulitaja jina lake kila timu inapocheza, na huenda wengine hawajui kwamba ni jina la mtu aliyeishi jirani. Hicho ni kisa kinachomsubiri mwandishi.

Aidha, kandanda si mchezo pekee. Waluo walikuwa na adhula, mchezo unaofanana na mpira wa magongo, na ajua, ambao ni wa jamii ya bao. Mwandishi anayemweka babu aliyecheza adhula kando ya mjukuu anayecheza kandanda amepata vizazi viwili na mgogoro mmoja bila kutafuta mbali.

3.0 Mfano wa Odaga

Odaga alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwandishi. Miongoni mwa kazi zake za mapema ni Jande's Ambition, iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1966, wakati ambapo vitabu vya watoto vilivyoandikwa na Waafrika wenyewe vilikuwa vichache mno. Baadaye alizitafiti ngano za Waluo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 akatoa uchunguzi wake juu ya fasihi ya watoto na vijana nchini Kenya.

Lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni hatua aliyoichukua mwaka 1982. Alianzisha Lake Publishers mjini Kisumu, na pia akaendesha duka la vitabu lililoitwa Thu Tinda, maneno ambayo msimulizi wa Kiluo hutamka anapomaliza ngano. Jina hilo lina funzo. Kwa Odaga, ngano haikwisha pale mwandishi alipoweka nukta ya mwisho. Ilikwisha ilipomfikia msikilizaji. Aliandika kwa Kiingereza na kwa Dholuo, akachapisha, akauza. Mwandishi wa vitabu vya michezo vya Kiswahili anaweza kujifunza kwake kwamba kukitangaza kitabu ni sehemu ya usimulizi, wala si biashara ya aibu inayoachiwa wengine.

4.0 Lugha ya mchezo: -na- na -ka-

Mtoto wa Lambwe huzungumza Dholuo nyumbani. Upande wa Gwasi wamo pia wenye asili ya Kisuba. Katika madarasa ya mwanzo mtaala wa Kenya huruhusu kufundisha kwa lugha ya eneo, na Kiswahili ni somo. Hata hivyo, Kiswahili kimoja kimekwisha kumfikia mtoto huyo kabla ya mwalimu: Kiswahili cha redio. Watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela (1940–2025) waliifanya kandanda isikike vijijini, na maneno kipa, chenga, kona na mkwaju yakawa mali ya watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha sarufi.

Mwandishi makini huanzia kwenye maneno hayo. Lakini akumbuke tofauti moja ya kisarufi yenye uzito wa kisanaa. Mtangazaji hutumia -na-: anampa, anapiga chenga, anaachia mkwaju. Hutumia wakati huo kwa sababu hajui mwisho. Msimulizi hutumia -ka-: akampa, akapiga chenga, akaachia mkwaju. Yeye mwisho anaujua, na anatupeleka huko hatua kwa hatua.

Kitabu cha picha kinaweza kuyatumia yote mawili. Chukua mfano wa mkwaju wa penalti. Ukurasa wa kulia unasema: “Akinyi akaweka mpira chini. Akarudi nyuma hatua tano. Akatazama lango. Sasa anakimbia, anapiga...” Sentensi inakatikia hapo. Mtoto hawezi kujua kilichotokea ila afunue ukurasa. Kubadilika kutoka -ka- hadi -na- kunamwondoa kwenye ngano na kumweka uwanjani, na kufunua ukurasa kunachukua nafasi ya kushusha pumzi. Mwalimu anayefundisha nyakati za vitenzi hapa hahitaji ubao. Kidole cha mtoto kinachosubiri kufunua kinatosha.

Tanakali za sauti pia zina kazi yake. Mpira ukianguka pu! na kipa akitifua vumbi tifu!, mtoto ambaye bado hajaimudu ngeli hushiriki kusoma kwa sauti. Anaingia katika lugha kwa sikio kabla ya kanuni.

5.0 Picha: pale wavu unapokosekana

Tatizo hujitokeza lugha ya redio inapohamishwa kitabuni bila kuchujwa. Mtangazaji husema nyavu zimetikisika. Katika viwanja vingi vya watoto hakuna nyavu. Kuna mawe mawili, au sweta mbili za shule. Mchoraji akichora mawe na mwandishi akaandika nyavu, mtoto huona kwamba kitabu kinasema uongo. Mchoraji akichora wavu ili kumridhisha mwandishi, mtoto huona kwamba kitabu si chake. Njia zote mbili zinampoteza msomaji.

Dawa si kufuta neno wavu. Dawa ni kulifanya kukosekana kwa wavu kuwa kisa. Lango la mawe mawili halina mwamba wa juu. Kwa hiyo kila mpira unaopaa huzua ubishi: je, ulipita juu au uliingia? Watoto hubishana, hupima kwa urefu wa kipa, humwita mkubwa aamue. Humo mna mgogoro, uhusika, sheria na maafikiano, na neno wavu linaweza kuja mwishoni kama kitu kinachotamaniwa.

Hali kadhalika mpira wenyewe. Kwa miaka mingi watoto wa Kenya walisuka mipira kwa mifuko ya plastiki na kamba. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, malighafi hiyo ilianza kuadimika. Mchoraji anayechora leo hana budi kujua mpira wa watoto anaowachora umetengenezwa kwa nini, kisha aufanye uwe uleule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Watoto huyaona makosa kama hayo kabla ya wahariri.

Mwisho, mwandishi aepuke kumfanya kila mtoto mwema ashinde. Michezo ni mojawapo ya mambo machache ambamo mtoto hujifunza kwamba anaweza kujitahidi, akatii kanuni zote, na bado akashindwa. Kitabu kinachoficha hilo hugeuka mahubiri.

6.0 Kukifikisha kitabu

Kitabu cha picha ni ghali kukichapisha kwa sababu ya rangi, ilhali wanunuzi wake ni wenye kipato kidogo. Sheria ya mwaka 2013 iliviweka vitabu chini ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kuanzia mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kununua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, hatua iliyowapunguzia wazazi mzigo lakini ikapunguza biashara ya maduka ya vitabu mijini. Duka kama alilokuwa nalo Odaga lingekuwa na kibarua kigumu zaidi leo.

Njia nyingine zipo. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa shuleni. Hivyo mchapishaji hakuogopa hasara. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwamo, ambazo mwalimu anaweza kuzichapa bila malipo.

Kwa kitabu cha michezo ipo njia ya tatu, nayo ni uwanja wenyewe. Mashindano ya shule za msingi huwakusanya walimu, wazazi na watoto mahali pamoja. Mwandishi anayesoma kurasa nne wakati wa mapumziko, akikatiza pale penalti inapopigwa, amefanya kazi ambayo tangazo la gazeti haliwezi. Anapata pia malipo yasiyo ya fedha: watoto watamwambia papo hapo iwapo mpira wake umechorwa vibaya.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Lambwe ina kisa, ina msomaji, na ina Kiswahili cha redio kilichotangulia. Kinachopungua ni mwandishi atakayeyaleta hayo matatu katika kurasa chache zenye picha za kweli. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wachapishaji peke yao. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wanachama watokao Homa Bay, Migori na kwingineko, wanaozijua lugha mbili au tatu na viwanja walimocheza. Walimu wa vyuo nao wanaweza kuupokea muswada wa kitabu cha watoto, uliojaribiwa mbele ya watoto wenyewe, kuwa kazi ya kitaaluma sawa na tasnifu. Mchezaji anayefahamika kwa jina la mganga wa Kanyamwa amekwisha kuingia uwanjani. Inafaa mtoto wa Kanyamwa amsome kwa Kiswahili.