Kusoma Redio ya Mbao: Somo la Mofolojia Nje ya Darasa

Chukulia kwamba katika nyumba ya ukoo huko Kasongo au Kabambare imepatikana redio ya mbao ya zamani: sanduku zito, kioo chenye majina ya miji, na taa ndani badala ya transista. Adui wake mkubwa si uzee, bali mtu mwenye haraka ya kuifufua. Hoja ya somo hili ni kwamba redio hiyo ni matini, na matini husomwa kabla ya kuhaririwa.

1. Kioo

Majina ya miji kwenye kioo hutusaidia kukadiria umri. Mwaka 1966 Léopoldville iliitwa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi na Stanleyville ikawa Kisangani. Kwa hiyo kioo chenye jina Léopoldville kwa kawaida kilichorwa kabla ya hapo. Tahadhari: jina linatupa kikomo tu, halitupi mwaka wenyewe.

Herufi hizo mara nyingi zimepakwa rangi nyuma ya kioo. Ukizisugua kwa spiriti au maji ya sabuni zinaweza kubanduka, na ushahidi ukapotea. Piga picha, nakili kila neno, ndipo ufute vumbi kwa brashi laini.

2. Majina ya taa

Tunasema "taa" kama Kifaransa kinavyosema lampe. Juu ya kila taa ya Ulaya kuna jina fupi, mfano EL84. Jina hili lina nafasi maalumu, na kila nafasi ina kazi yake, kama katika a-na-som-a.

Herufi ya kwanza hueleza umeme wa kupashia taa moto: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 hivi, yaani taa ya betri. U ni taa zinazounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikipitisha miliampea 100.

Herufi zinazofuata hueleza kazi: A ni diodi, C ni triodi, F ni pentodi, L ni pentodi ya kutoa sauti. Zikiwa mbili, kioo kimoja kina taa mbili, kama neno ambatani.

Tarakimu ya kwanza huonyesha kitako: 8 ni cha pini tisa, 9 ni cha pini saba. Taa za Marekani, kama 6V6, zina sarufi nyingine: huanza na nambari ya volti.

3. Kutoka kusoma hadi kutengeneza

Kosa la kusoma hapa lina gharama. Redio yenye taa za D ilitengenezwa kwa ajili ya betri, aghalabu volti 90 pamoja na volti 1.5. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye umeme wa volti 220, nyuzi za taa zitaungua, na taa za kuziba nafasi hizo ni adimu.

Redio ya taa za E nayo isiwashwe papo hapo. Kapasita za karatasi huvuja zikizeeka. Ile inayopeleka sauti kwenye taa ya mwisho ikivuja, inaweza kuiua taa hiyo. Fundi huweka mpya yenye uwezo uleule na volti zisizopungua za awali. Kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata redio ikizimwa. Mwanafunzi asome, fundi aguse.

Mbao zisipigwe msasa: ganda la nje ni jembamba mno. Kipande kilichobanduka kirudishwe kwa gundi. Kila kilichotolewa kihifadhiwe ndani ya bahasha yenye maelezo, kama mhariri anavyotunza usomaji alioukataa.

Mazoezi

1. Changanua DAF96.
2. Redio ina DK96, DF96, DAF96 na DL96. Je, iunganishwe na umeme wa nyumba? Jibu kwa kutumia herufi moja tu kama ushahidi.
3. Muulize mzee au fundi wa kwenu anaitaje kila sehemu ya redio ya taa. Andika neno kama alivyolitamka, usilisanifishe.