Pepo za Ziwa Victoria

Ukisimama juu ya majabali ya Mwanza wakati wa adhuhuri, utaona upepo mwanana watoka ziwani kuja mjini. Ndivyo ilivyo siku nyingi. Lakini usiku mambo hugeuka, nasi twapaswa kuijua sababu yake.

Mchana jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Usiku nchi hupoa, bali maji huhifadhi joto lake. Basi pepo hutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Kisumu na Bukoba, zikakutana ziwani. Hapo hewa yenye unyevu hupaa na kuwa mawingu ya radi. Pepo za juu huyasukuma magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza.

Na ni saa zipi dhoruba hizi huwa kali? Tangu usiku wa manane hata alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wawapo majini na taa zao, hasa usiku usio na mbalamwezi. Mgeni huiona jioni tulivu akadhani usiku nao utakuwa hivyo.

Tena ziwa hili, lenye eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, kina chake ni kama meta 80 tu palipo na kina kirefu kabisa. Katika maji haba namna hii mawimbi huwa mafupi yenye kusimama wima, na mtumbwi haujainuka bado kutoka wimbi la kwanza, la pili limekwisha kuujia.