PICHA ZA NGUO ZA WATOTO KAMA ZA STUDIO, UKIWA NYUMBANI NA SIMU YAKO TU

Wapambanaji mnaouza nguo za watoto, hii ni yenu.

Mteja akikuuliza "hii rangi ndo yenyewe?" ujue picha yako imeshamtia wasiwasi. Akiagiza gauni jeupe akapokea la maziwa, au alitaka damu ya mzee likamfikia jekundu la kuwaka, mzigo unarudi na hela ya boda imeshaliwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya picha ni kusema ukweli wa nguo. Uzuri unafuata.

Vifaa: dirisha, shuka moja la rangi moja, manila nyeupe mbili, vibanio vya nguo. Vingi unavyo ndani, usikimbilie kununua mataa.

1. MWANGA UWE MMOJA
Zima taa zote za chumbani, tumia dirisha au mlango. Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa nje, simu inachanganyikiwa: upande mmoja wa nguo unakuwa njano, mwingine bluu. Muda mzuri ni saa 3 hadi 5 asubuhi, au saa 9 hadi 11 jioni. Jua likiingia moja kwa moja, ning'iniza pazia jeupe jepesi dirishani.
Mtoto akae kama mita moja kutoka dirishani, mwanga umpige kwa mbele kidogo ya ubavu. Dirisha lisiwe nyuma yake, atatoka giza.
Na angalia kuta! Ukuta wa kijani au pinki unamwaga rangi yake kwenye nguo nyeupe. Ufunike kwa shuka jeupe.

2. NYUMA KUWE SAFI
Piga shuka pasi, lining'inize juu na ulitandaze mpaka sakafuni bila kulikunja kwenye kona. Hapo ule mstari wa ukuta na sakafu hauonekani, na ndio unaoleta ule muonekano wa studio. Mtoto asogee mbele ya shuka angalau mita moja ili kivuli chake kisiangukie nyuma.

3. PUNGUZA GIZA LA UPANDE WA PILI
Simamisha manila nyeupe upande usio na dirisha, karibu na mtoto ila isionekane kwenye picha. Inarudisha mwanga usoni na kwenye nguo. Huu ndo ujanja wa bei rahisi kuliko wote.

4. SIMU
Futa lenzi kwanza. Zima flashi na filta za kulainisha sura, zinabadilisha mpaka rangi ya nguo. Piga magoti, simu iwe usawa wa kifua cha mtoto. Usimsogelee sana, kichwa kitakuwa kikubwa kuliko mwili. Rudi nyuma mita mbili hivi.
Bonyeza kwenye nguo, shikilia mpaka ijifunge, halafu rekebisha mwanga kwa kidole. Nyuma kukiwa kweupe sana, simu hupunguza mwanga na mtoto mwenye ngozi nyeusi anatoka giza kabisa, kwa hiyo ongeza kidogo. Nyuma kukiwa kweusi, punguza.

5. MTOTO
Awe ameshiba na amelala vizuri. Panga kila kitu kabla hajavaa, kisha dakika 10 hadi 15 zinatosha. Akianza kulia, acha. Mpe kitu cha kufanya: kuhesabu vifungo, kupuliza mapovu. Nguo ikiwa kubwa, ibane mgongoni kwa kibanio, ila mwambie mteja saizi halisi.
Kichanga usimkalishe kwenye stuli wala meza. Mlaze kwenye godoro lililowekwa chini, mtu mzima awe pembeni, na mwanga utoke upande wa kichwa au ubavuni. Ukitokea miguuni unaleta vivuli vibaya usoni.

6. RUHUSA
Mtoto wa jirani au wa dada yako? Omba ruhusa ya mzazi kwa maandishi, hata meseji inatosha kama kumbukumbu, na mwambie picha itatumika wapi. Usiandike jina lake, usioneshe sare ya shule wala mtaa mnaokaa. Mzazi akisema toa, itoe siku hiyo hiyo.

7. KIPIMO CHA MWISHO
Kabla ya kuposti, shika nguo yenyewe karibu na dirisha na uweke simu pembeni yake. Rangi zinafanana? Posti. Hazifanani? Rekebisha au piga upya. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, chagua ubora wa HD, isimfikie ikiwa na ukungu.

Chukua nguo moja tu leo, ifanyie kipimo namba 7, uone mwenyewe. Hifadhi hii, na mtumie mwenzio anayeuza za watoto. Swali lako weka hapo chini 👇